Mizani Saba

Kazi yangu kuandika wanayoyasema.
Wasiyoyasema hayana nafasi kwenye fomu.

Saa nane na nusu mpambe kaingia na siwa begani,
akailaza mezani kama mgonjwa.
Siwa za zamani zilipulizwa, mji ukasikia.
Hii haina tundu.

Mswada wa Maji, kusomwa mara ya tatu.
Kesho likizo, na likizo ikiisha muda wake umeisha;
hatatokea mtu wa kusema ameuua.
Kauleta Mheshimiwa Umazi Chigulu, kurasa kumi na moja:
bomba hadi Mtongwe, hadi Shika Adabu,
na leseni kwa kila mwenye lori la maji.
Wenye malori wako roshani ya wageni,
kanzu zimepigwa pasi,
wanatafuna korosho moja moja.

Mheshimiwa Sheali Mwidadi akasimama.
"Mimi sipingi, Bwana Spika."
Kasema mara sita, zote ninazo.
Anataka tu kifungu cha nne kikae sawa:
palipo na "na" pawe "pamoja na",
na mkato baada ya "wananchi".
Mkato ule ulikula saa nzima.
Kisha hoja ya nidhamu.
Kisha hoja ya nidhamu kuhusu hoja ya nidhamu.
Kisha mtu akauliza, kwa upole, kama akidi imetimia,
na wenzake kumi na wawili wakakumbuka ghafla
simu, swala, sukari yao.
Kengele ikalia dakika kumi.
Chini ya mlango wa mkahawa naviona viatu vyao,
vimetulia, vinang'aa.

Saa hizi Mtongwe
binti yangu Mwanamvua ameshapanga madumu barazani.
Nyiro na mkokoteni wake: asubuhi thelathini,
alasiri hamsini, magharibi atakavyo yeye.
Kila dakika inayosemwa humu
kuna mtu kule anailipia.

Viatu vikarudi, vya kutosha tu kuanza upya.
Mwidadi akanywa maji. (Hilo siruhusiwi kuandika.)
Chupa nzima, kwa raha,
kisha akafungua karatasi na kughani:

Nasimama kwa unyofu, niseme bila kuchoka,
Haraka ina upofu, mwenye pupa huanguka,
Maji ni neno refu, hayapimwi kwa dakika,
Tusubiri taratibu, mfereji utafika.

Beti arubaini na mbili. Huo ulikuwa wa kwanza.
Spika alitazama kanuni, akatazama saa, akanyamaza;
hakuna kanuni inayokataza vina.
Roshani wakapiga makofi.
Umazi alikuwa amesimama na mkono juu,
mkono ule ule tangu saa kumi,
sasa anaushikilia kwa mkono wa pili.

Mimi nilikwama mshororo wa tatu.
Nimefunzwa kuhesabu nikiwa na meno ya utoto.
Ma, ji, ni, ne, no, re, fu.
Nikarudia kwa vidole chini ya meza.
Saba.
Na maji si neno refu, Mheshimiwa.
Ni silabi mbili. Mtoto hulisema kabla hajasimama.

Saa kumi na mbili na nusu. Ubeti wa thelathini na nane.
Bunge likaahirishwa katikati ya kina.
Siwa ikabebwa nje.
Umazi akakusanya kurasa zake kumi na moja,
akazigonga mezani zikae sawa,
kama mtu mwenye safari nazo.

Nilibaki kusafisha nakala.
Mwongozo unaturuhusu kunyoosha ulimi wa mheshimiwa:
"Maji hili neno refu", na shairi linasimama wima,
wajukuu wake watalisoma kwa fahari.
Kidole changu kilikaa juu ya herufi ya h
mpaka mlinzi akaja kuzima taa.

Sikunyoosha.
Nimeuacha mshororo uchechemee
kwenye kumbukumbu rasmi, ukurasa wa mia mbili na tisa,
atakayehesabu ataona.

Nilifika nyumbani saa tatu. Nyiro keshaondoka.
Mwanamvua kanibakishia kikombe kimoja,
kakifunika na kisahani.
"Wamepitisha?"
Nikanawa uso kwanza, kwa nusu yake.